Jina Lililowekwa Amana

Mtu aingiapo utawani huacha nyuma yake mengi, na mojawapo ni jina alilopewa na wazazi wake. Tadhg Ó Cléirigh, mzaliwa wa Donegal nchini Ireland, alipovaa kanzu ya Wafransisko huko Louvain aliitwa Mícheál, na kwa jina hilo akarejea kwao kwa amri ya wakubwa wake, akaizunguka nchi akinakili hati kuukuu zilizokuwa hatarini kupotea, hata yeye na wenziwe, baina ya mwaka 1632 na 1636, wakaitunga ile tarehe kubwa ya Ireland inayonasibishwa na Mabwana Wanne. Jina la Tadhg halikupotea, kwa kuwa mtawa huliacha la kwao kwa nadhiri aitamkayo kwa ulimi wake mwenyewe, na daftari la shirika huyahifadhi yote mawili, lile la kuzaliwa na lile la utawa.

Wako wasioweka nadhiri yoyote. Katika nyumba za kufulia nguo zilizoitwa za Magdalena, zilizosimamiwa na masista, wanawake wengi walivuliwa majina yao mlangoni wakapachikwa mengine. Mwaka 1993 masista wa High Park, huko Drumcondra mjini Dublin, waliuza sehemu ya ardhi yao, ikalazimu makaburi ya wanawake waliofia humo yafukuliwe. Kibali kilitaja maiti 133; udongo ulipofunuliwa zikaonekana 22 zaidi. Takriban wote wakachomwa, na majivu yao yakazikwa Glasnevin. Na katika orodha ya waliofukuliwa, baadhi ya marehemu walijulikana kwa jina la nyumba tu, kama yule aliyeandikwa Magdalena wa Lourdes. Lourdes ni mji wa Ufaransa, ambao yamkini hakuuona maishani mwake; ama kijiji alikozaliwa, na jina aliloitwa na mamaye jioni alipochelewa kurudi nyumbani, hayo orodha haikuyajua.

Kamati ya Serikali ya Ireland kuhusu nyumba hizo, chini ya Seneta Martin McAleese, iliyotoa taarifa yake Februari 2013, ilifunguliwa madaftari ya mashirika manne ya masista, ikahesabu wanawake wapatao 10,000 walioingia humo tangu 1922 hadi 1996. Insafu yanidai niseme kwamba masista waliyatoa kwa hiari. Kazi ilipokwisha, madaftari yakarudi kwao. Nami nauliza, je, ni mali yao? Kabati ni lao, karatasi ni yao, hata wino ni wao. Bali jina lililoandikwa humo waliwekewa amana, na mwenye kuwekewa amana hana hiari ya kuizuia mwenyewe ajapo kuidai.

Najua jawabu litolewalo, kwamba siri ya marehemu ni sitara yake, na jawabu hilo silidharau hata kidogo, kwani wapo waliowaficha hata ndugu zao mahali walipokuwa, nami nisingependa mpita njia aipekue huzuni yao kwa udadisi. Lakini sitara ni haki ya msitiriwa, haikuwekwa imlinde yule aliyeshika ufunguo. Na mwana aliyetenganishwa na mamaye angali mchanga, akibisha hodi leo kwa mkono wa kizee, akiuliza mamaye aliitwa nani, hakuja kumfedhehesha. Amekuja apate walau mara moja kumwita kwa jina lake.