Sikuligusa

Mtu akiachiwa mali ya mwenzake kisha ikaharibika, utetezi wake wa kwanza huwa ni huu: mimi sikuigusa. Huapa, na mara nyingi anasema kweli. Sisi tunaomsikiliza huridhika, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba mali ya watu ni moto na salama yake ni kukaa nayo mbali. Mimi nimesomesha fizikia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na tangu hapo nimekuwa mtunzaji wa gari lisilo langu. Gari hilo limenifanya niutilie shaka utetezi huo. Je, kutokugusa ni kutunza?

Gari ni Toyota IST ya mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Maskati. Huja Ramadhani au wakati wa likizo, akalitumia, kisha akalirudisha uani kwangu Mpendae, akanikabidhi ufunguo na kuniambia, "Shangazi, amana hiyo." Yeye akapanda ndege. Gari linabaki chini ya bati, limefunikwa turubai, na ukilitazama kwa macho halihitaji chochote.

Lakini chini ya boneti mna betri. Ni kisanduku cha vyumba sita. Katika kila chumba mna bamba za risasi na za oksidi ya risasi zilizozama katika asidi, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Ufundi huu ni wa Mfaransa Gaston Planté, wa mwaka 1859, na kemia yake ni ile ile hadi leo. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu. Na hushuka hata kama hakuna aliyeitaka kazi. Umeme mwingine hupotea humo humo ndani, na joto letu la pwani huharakisha upotevu huo. Mwingine huliwa na vitu visivyolala gari likizimwa: saa, king'ora, kumbukumbu ya kompyuta ya injini. Chukua miliampia 30, kiasi cha kawaida kwa gari lisilo na kasoro. Kwa siku ni ampia-saa 0.72, kwa siku thelathini ni karibu 22. Betri ya ampia-saa 45 inakuwa imepoteza karibu nusu, na hakuna aliyefungua hata mlango.

Gari kukataa kuwaka siku mwenyewe anapotua ni jambo dogo. Ni la otomatiki, kwa hiyo halisukumwi likawaka, lakini jirani ataleta waya na betri itabustiwa. Kubwa ni kwamba betri iliyoachwa tupu hujifunga. Kila inapotoa umeme, salfeti ya risasi huota juu ya bamba. Ikichajiwa mapema hurudi ilikotoka, ikiachwa kwa majuma hugeuka fuwele ngumu. Hapo chaja ihangaike itakavyo, sehemu ile imekwenda. Basi yule aliyesema sikuligusa amesema kweli, na betri imemfia mikononi.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilijua jambo hili kabla ya kuwapo injini duniani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anamzungumzia katika kitabu chake cha Minhaji mtu aliyewekewa nguo za sufu. Sufu huliwa na nondo. Hukumu ni kwamba mwekewa azitoe zipigwe na upepo, na ikibidi, azivae. Nilipolisoma hilo nilirudi nyuma kulisoma tena. Kuvaa nguo ya amana ndicho kitendo ambacho sote tungekiita khiyana, na hapa kimekuwa wajibu. Atakayekiacha, nguo zikaharibika, dhamana ni yake. Hukumu imemfuata nondo.

Kwa mnyama mambo ni mazito zaidi. Aliyewekewa punda akaacha kumlisha mpaka akafa, analipa. Mwenye punda akiacha chakula, punda alishwe hicho. Asipoacha, mwekewa amrejee yeye au wakili wake, na wote wawili wakikosekana, aende kwa hakimu. Je, kama mwenyewe alikataza punda asilishwe? Hapo mwekewa halipi, ila dhambi anaipata, kwa sababu mnyama ana haki yake mbele ya Mungu ambayo mwenye mali hana uwezo wa kuifuta. Betri haisikii njaa. Kwa hiyo kwa muda mrefu nililiweka gari upande wa nguo za sufu: ninayewajibika kwake ni mtoto wa kaka yangu, na nondo ni hizo miliampia 30.

Ningeweza kuhamia moyoni hapa, niseme kwamba na imani pia hushuka isipochajiwa. Mawaidha hayo yana mahali pake, lakini humwacha msikilizaji aende zake bila kufungua boneti, na swali langu limo chini ya boneti.

Mtaani petu desturi ya kutunza gari lililolazwa ni kuliwasha asubuhi kwa dakika tano, lingurume, kisha lizimwe. Wapo wanaosema kule kuwasha kunakula umeme mwingi kuliko unaorudishwa. Si hivyo, stata hutaka ampia nyingi, lakini kwa sekunde mbili tatu, na jumla yake ni ndogo. Kasoro iko kwingine. Umeme uliotoka wiki nzima haurudi kwa dakika tano za injini kuzunguka taratibu, kwa kuwa betri ya risasi hupokea polepole, na kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyozidi kuwa nzito kupokea. Miliampia 30 kwa siku saba ni ampia-saa 5. Oltaneta ikiipa betri ampia 10, kuzirudisha kunataka nusu saa, na hapo sijahesabu kinachopotea njiani. Dakika tano zimelipa sehemu moja katika sita za deni. Anayefanya hivyo ana nia njema. Ameamka mapema kwa ajili ya mali ya mwenzake. Lakini ameshika sura ya utunzaji, utunzaji wenyewe umempita. Huyu ananitia hofu kuliko mzembe, maana mzembe anajua kuwa ameacha.

Kwamba vitendo hupimwa kwa nia ndiyo hadithi ya mwanzo katika Arubaini ya Nawawi huyo huyo, na watoto huihifadhi chuoni kabla hawajajua maana yake. Sina ninachokipinga hapo. Nia humpatia mtu thawabu yake, lakini haipandishi volti. Aliyepokea amana anadaiwa kukijua kile alichopokea, au kumtafuta anayekijua. Mimi ninayo mita, na kila wiki naipima betri kabla ya kuigusa. Usiku naunga chaja ndogo, ile ambayo ikishajaza hubaki imeshikilia volti 13.5 hivi bila kuiunguza, nami naacha pawe na upepo kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Umeme wa Tukuza naununua mimi, na nimemwambia mwenyewe kwamba sidai. Gharama kisheria ni yake, lakini sheria haimpi mtunzaji ruhusa ya kutumia kimyakimya halafu aje na madai. Nikisafiri kwenda Pemba naifungua terminali ya hasi kwa spana namba kumi. Upotevu wa ndani unaendelea, ila wale walaji wengine wamefungiwa nje.

Chaja huilisha betri tu. Matairi yanakaa upande mmoja, breki zinashika kutu, kwa hiyo gari lazima litembee. Natoka baada ya Alfajiri, nashika barabara ya Fumba, nakwenda na kurudi bila kushuka popote. Na hapa pana hatari ya pili, ambayo "sikuligusa" ilikuwa inaikimbia. Jirani yangu ana mama mgonjwa anayekwenda kliniki hospitali ya Mnazi Mmoja. Akaniambia, "Mwalimu, madhali gari litatembea tu, si umchukue na mama?" Nani angemjibu la? Nusu saa ni ile ile, petroli ni ile ile. Kumnyima mgonjwa kiti kilicho wazi kwa jina la amana ni ubahili kwa mali isiyo yangu, na hilo nalo ni aibu.

Lakini niliona jambo linavyokwenda. Leo gari linatoka kwa ajili yake lenyewe, na mama amepanda. Wiki ijayo linatoka Jumanne kwa sababu kliniki ni Jumanne. Wiki ya tatu linasubiri nje ya hospitali, injini imezimwa, kisha linawashwa kwa mwendo mfupi wa mjini ambao hauirudishii betri kitu. Na mdomo wangu bado ungesema, nalitunza gari. Kwa hiyo nilijiwekea kipimo: asingekuwapo abiria, ningetoka leo, kwa njia hii, kwa saa hii? Kama ndiyo, abiria amepata faida katika jambo lililokuwapo. Kama sivyo, gari limeanza kunitumikia mimi na ukarimu wangu.

Nilimpigia simu mwenye gari. Akacheka. "Shangazi, litumie utakavyo, gari lako hilo. Na hiyo betri usijisumbue, ikifa nitanunua nyingine." Mtu mwingine angeona mambo yamekwisha. Kwangu ndiyo yameanza, maana alinipa ruhusa mbili, na zote mbili nzito.

Ya kwanza inabadilisha hali yangu kabisa. Kwa Shafi, mali uliyowekewa ikiharibika bila ya uzembe wako, hulipi. Uliyoiazima kwa manufaa yako ikiharibika kwa sababu isiyokuwa ile ya matumizi uliyoruhusiwa, unalipa hata kama hukuzembea. Upepo ukiangusha mnazi juu ya bati, mwekewa ataomboleza pamoja na mwenye gari. Mwenye kuazima atatafuta fedha. Nami naona ni haki, kwa kuwa aliyechukua nafuu ya kitu achukue na mzigo wake. Nikamjibu, "Mwanangu, usiniazime. Nipe ruhusa ya kuliendesha kwa ajili yake lenyewe, na aliye njiani nimpakie." Akakubali, nadhani bila kuona tofauti. Mama wa jirani hupanda siku njia zetu zinapokutana. Siku nyingine huchangiwa nauli, na mimi ni miongoni mwa wanaochanga.

Ya pili, ile ya kuiacha betri ife, ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Kwa hukumu ya nguo za sufu, mwenye mali akisema acha ziliwe, mwekewa yuko huru. Lakini nguo ikiliwa na nondo hasara inakwisha kwa mwenye nguo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ina soko. Betri iliyokufa inauzwa chakavu na kuyeyushwa mahali ambapo watu wanaishi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kiliwatia wakaazi sumu ya risasi, watoto kwa wazee. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo na mwanawe mchanga akaugua, aliyaongoza madai yao. Alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ambayo iliendelea kupanda katika mahakama za juu.

Watu wa Owino Uhuru hawakumruhusu mtu aiache betri ife. Mtoto wa kaka yangu hawezi kuwasamehea. Kila mwaka ninaouongeza katika uhai wa betri hii, kilo zile za risasi zinabaki ndani ya kisanduku chake. Kwa hiyo siku hizi nimeisogeza kutoka upande wa nguo kuelekea upande wa punda. Haina roho, lakini imebeba haki ya wengine ambayo mwenye mali hana uwezo wa kuifuta.

Imebaki jambo moja katika mlango wa amana wa Minhaji. Mwekewa akiugua ugonjwa wa kuhofiwa, airudishe amana, au aiusie. Mimi mzima, alhamdulillahi, lakini nimeshaandika. Karatasi anayo binti yangu. Inasema gari ni la nani, ufunguo uko wapi, chaja iungwe vipi, na kwamba betri ikishindwa isiuzwe kwa anayepita na mkokoteni mpaka ijulikane inakwenda kuyeyushwa wapi. Binti aliisoma, akaniuliza kama naye anaweza kulipeleka gari kazini kwake, kwa kuwa ni nusu saa kamili. Nikamwambia ampigie simu kaka yake Maskati amuulize mwenyewe, na amweleze ni kwa manufaa ya nani.