Mzee wa Rogelimu

Katika ibada za mazishi kwetu kuna dakika chache ambazo mwanafamilia, mara nyingi mjukuu mwenye sauti nzuri, husimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Kisha tunaambiwa aliugua lini na alitibiwa wapi. Kama alikuwa na cheo, karatasi hurefuka. Kama alikuwa mkulima aliyeishi miaka themanini na ushee katika nyumba ileile, msomaji hufika ukingoni mapema, na ili kujaza nafasi huanza kutaja kazi za watoto: huyu yuko wizarani, yule yuko ng'ambo. Mwishoni huongezwa kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole na mpenda watu. Mjane ameketi pale mbele, na yeye ndiye anayejua.

Tunadhani jambo hili si dogo. Vijana waliosimama nyuma ya turubai wanasikiliza, na wanachojifunza ni kwamba mtu aliyekaa kijijini na kulea jamaa yake hana la kusimuliwa mpaka aazime sifa kwa wanawe. Tena tunasema hayo mbele za Mungu aliyemwona mzee yule kila asubuhi akishika jembe. Basi ni haki kuuliza: mtu wa namna hii akumbukweje, bila kumnyima chake na bila kumpamba kwa uongo?

Biblia inaye mzee mmoja wa mji mdogo ambaye tungependa kukaa naye kidogo. Jina lake Barzilai, Mgileadi, wa Rogelimu, ng'ambo ya mashariki ya Yordani. Mji huo haukutajwa popote pengine katika Maandiko. Tunausikia kwa sababu tu yeye aliishi huko. Hakuwa nabii, hakuwa jemadari, na hakuna muujiza unaohusishwa naye. Habari zake zimo katika Samweli wa Pili, mlango wa 17 na wa 19, na zote pamoja hazijazi ukurasa mmoja.

Daudi alikuwa akimkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa. Alifika Mahanaimu na watu waliochoka, wenye njaa na kiu. Hapo wakaja watu watatu: Shobi kutoka Raba ya Waamoni, Makiri wa Lo-debari, na Barzilai. Mwandishi hasemi kwamba walikuwa wakarimu. Anataja vitu walivyoleta: vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, unga, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo, jibini. Msomaji wa haraka huruka orodha hii. Sisi tunaona kwamba ndiyo wasifu wenyewe. Aliyeleta vitanda alifikiri habari ya watu waliolala chini siku kadhaa. Aliyeleta mabakuli alijua kwamba mkimbizi hata akipata uji hana cha kuulia. Hayo ni mawazo ya mtu mwenye nyumba, aliyewahi kupokea wageni usiku na kuona mkewe akihesabu vyombo.

Atasema mtu: lakini Barzilai alikuwa tajiri, na tajiri kutoa si ajabu. Ni kweli, Maandiko yanasema alikuwa mtu mkubwa sana, na wazee wengi wa kwetu hawana vitanda vya kumpelekea mfalme. Hata hivyo, tazameni siku alipotoa. Absalomu alikuwa na jeshi na mji mkuu. Kama vita vingekwenda kombo, Barzilai angehesabiwa msaliti, yeye na nyumba yake yote, katika umri ambao mtu hana tena nguvu za kukimbia. Wenye mali mara nyingi husubiri kwanza waone nani atashinda.

Tena mlango mmoja kabla ya huo yupo mtoaji mwingine, Siba. Yeye alimlaki Daudi njiani na punda waliobeba mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Hesabu zote zimeandikwa. Na kabla punda hawajashushwa mizigo, Siba alikuwa amekwisha kumchongea bwana wake Mefiboshethi na kupewa mali yake yote. Katika orodha ya Barzilai na wenzake hakuna hesabu hata moja. Labda ni mtindo wa mwandishi tu. Sisi hatuwezi kuzisoma habari hizi mbili pamoja bila kuona tofauti hiyo.

Vita vilipokwisha na Daudi akiwa anarudi Yerusalemu, Barzilai alishuka kutoka Rogelimu amsindikize mpaka Yordani. Alikuwa na miaka 80. Mfalme akamwomba wavuke pamoja, akakae naye Yerusalemu na kutunzwa huko. Tukumbuke ni nani anayealika, na anaalika wapi. Mzee akakataa. Sababu zake alizitoa waziwazi, bila kujionea haya: ulimi wake haukutambua tena ladha ya chakula, masikio yake hayakusikia vema sauti za waimbaji, na angekuwa mzigo kwa mfalme. Aliomba arudi afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Badala yake akamtoa Kimhamu, kijana ambaye wengi humhesabu kuwa mwanawe, aende akale meza ya mfalme.

Je, huo ulikuwa unyenyekevu, au ilikuwa hofu ya mzee kuondoka mahali alipopazoea? Swali hili linatuhusu zaidi ya tunavyokiri. Wengi wetu tuna baba au mama kijijini, na tunapopata uwezo tunataka kumleta mjini. Tunafanya hivyo kwa upendo. Mzee anapewa chumba, anapewa televisheni, na geti linafungwa asubuhi wote wakienda kazini. Baada ya mwezi anauliza habari za migomba. Anamtaja jirani fulani, anauliza kama mvua imenyesha. Sisi tunamwambia, baba, tulia, hapa kuna hospitali. Na hospitali kweli ipo. Hatusemi kwamba kila anayekataa aachwe peke yake na nyumba inayovuja. Ila mara nyingine tunachotunza ni sifa yetu ya kuwa watoto wema. Daudi alikuwa mfalme, angeweza kushikilia neno lake. Alimsikiliza, akamchukua Kimhamu, akasema atamtendea kijana huyo kama mzee atakavyoona vema, akambusu Barzilai, akambariki. Mzee akarudi kwake. Tunaona kwamba kumwacha arudi kulikuwa heshima kubwa kuliko ule mwaliko.

Katika habari hizohizo yupo Ahithofeli, mshauri wa wafalme, ambaye shauri lake lilipokataliwa alitandika punda wake, akaenda mjini kwake, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajinyonga. Hatumtaji ili kumhukumu. Huzuni ya mtu huyo Mungu ndiye anayeijua. Lakini inaonekana hakubakiwa na kitu cha kumshikilia baada ya kukosa kusikilizwa na mfalme. Naye akazikwa katika kaburi la baba yake. Watu wawili, makaburi ya baba zao, na mmoja alikuwa akilitazamia kama mtu anayetazamia kufika nyumbani.

Daudi alipokaribia kufa alimwachia Sulemani maagizo. Ni maneno magumu kusomwa kanisani: Yoabu asishuke kuzimuni kwa amani, wala Shimei asihesabiwe kuwa hana hatia. Mzee amelala kitandani na deni za damu zinamsumbua. Katikati ya hayo mawili anataja wana wa Barzilai, watendewe mema, wale mezani, kwa kuwa walimjia wakati ule alipomkimbia Absalomu. Hilo ndilo shukrani moja katika maagizo yale, na sababu yake ni ile siku ya Mahanaimu.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye karatasi ya wasifu, tungependa kuona familia zikiketi jioni moja kabla ya mazishi na kuulizana: baba alifanya nini hasa? Hapo ndipo majirani wasaidie, maana mengine mke na watoto hawayajui. Mwaka wa njaa alimpa nani mahindi? Mtoto wa nani alikaa kwake mpaka akamaliza shule? Nani alikuja kuazima toroli lake, na lilirudishwa au halikurudishwa? Kama alikuwa mkali, isemwe kwa adabu kwamba alikuwa mkali, maana watoto wake wanajua, na wakisikia anaitwa mpole hawataamini hata yaliyo ya kweli. Mchungaji asiogope kwamba ibada itakuwa ndefu. Dakika tunazotumia kutambulisha wageni wa heshima zinatosha.

Maandiko hayasemi Barzilai alikufa lini wala nani alimzika. Lakini katika Ezra, mlango wa 2, zaidi ya miaka 400 baada ya Daudi, wanatajwa makuhani waliorudi kutoka Babeli ambao babu yao alioa mmojawapo wa binti za Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la ukweni. Walitafuta orodha ya nasaba yao, isionekane, wakazuiwa wasihudumu kama makuhani mpaka atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Hati yao ya ukuhani ilikuwa imepotea. Jina la mzee wa Rogelimu walikuwa nalo bado.