Filamu Moja na Katuni za Zamani

Juzi usiku nilijaaliwa kuitazama filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, *In the Name of Your Daughter*, inayosimulia habari za kweli za mabinti wa Serengeti ambao, ifikapo Desemba, msimu wa ukeketaji, hutoroka makwao na kukimbilia nyumba salama ya Mugumu kwa Bi. Rhobi Samwelly. Nimetazama filamu nyingi za mapanga na mapenzi, wala sikumbuki hata moja iliyonishika moyo namna hii. Kwani humo hamna waigizaji, bali mtoto wa kweli anayelazimika kuchagua baina ya mwili wake na wazazi wake, naye angali akiwapenda.

Asubuhi yake nikatoa sandukuni nakala yangu kuukuu ya gazeti la katuni la Sani, jalada limechanika, karatasi zimegeuka rangi ya chai, nikamkuta Ndumilakuwili, yule laghai aliyebuniwa na marehemu Philip Ndunguru, bado ananichekesha kwa mkunjo mmoja tu wa kalamu. Kwa rai yangu, ufundi ule wastahili kusimulia pia safari ya mabinti hawa, kwa kuwa katuni husomwa hata pasipo umeme.

Basi enyi vijana mnaochora daftarini, ichoreni safari hiyo. Nanyi wazazi, Desemba binti akibisha hodi usiku, tafadhalini, mfungulieni.