Kitanda na Kilio

Japani imejijengea jina kwa kumpa msafiri malazi ambayo kwingine yangeonekana mzaha. Mwaka 1979, Osaka ilifungua hoteli ya vijumba mfano wa masanduku, kazi ya msanifu majengo Kisho Kurokawa, ambamo mgeni hutambaa kuingia na hawezi kusimama. Huko Sasebo, mkoa wa Nagasaki, Henn na Hotel ilianza mwaka 2015 ikiwa na roboti za mapokezi, mojawapo yenye umbo la dinosauri. Kufikia 2019 zaidi ya nusu ya roboti zake zilikuwa zimeondolewa, kwa kuwa ziliwaongezea wafanyakazi kazi. Katika mitaa ya Akihabara, Tokyo, wahudumu wa mikahawa fulani huvaa kama vijakazi na kumpokea mteja kana kwamba ni bwana anayerejea nyumbani kwake. Anayelipa humo ananunua zaidi ya kitanda au kahawa. Ananunua nafasi ya kuwa mtu mwingine kwa usiku mmoja, au hata kwa saa moja. Sioni dhambi katika hilo: mwenyeji anajua ni mchezo, mgeni anajua ni mchezo, na hakuna aliyeumizwa ili mchezo upatikane. Swali linaloniandama linaanza pale nyumba inapokuwa na historia ya damu. Je, mateso ya watu yanaweza kupangishwa?

Kigali inalo jengo linalotulazimisha kulijibu swali hilo. Hôtel des Mille Collines ilifunguliwa mwaka 1973, mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zaidi ya watu elfu moja walijibana humo, vyumbani na kwenye korido. Maji ya bomba yalipokatika, walichota maji ya bwawa la kuogelea wakanywa. Miaka kumi baadaye, filamu ya Hotel Rwanda ilikitangaza kisa hicho duniani kote, ingawa sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini. Tangu hapo wapo wageni wanaofika mjini wakiitafuta hoteli ya filamu. Wanachokuta ni hoteli tu: mapokezi, mgahawa, bwawa safi, watu waliokuja kwa mikutano yao. Ni rahisi mgeni wa namna hiyo kuondoka akihisi amenyimwa kitu. Mimi naona hajanyimwa chochote kilichokuwa haki yake, na kwamba hoteli kubaki hoteli ni uungwana.

Sababu yangu ni hii. Nyumba ya mchezo humpa mgeni nafasi ya kuigiza, na hapa hakuna nafasi inayoigizika bila kumwibia mtu. Tuseme chumba kimoja kingerudishwa katika hali ya Mei 1994: magodoro sakafuni, bomba kavu, ndoo ya maji ya bwawani. Mgeni angelala humo kama nani? Kama mkimbizi? Lakini mkimbizi hakufanywa mkimbizi na godoro wala ndoo. Alifanywa na kutojua kama kesho ataiona, na kujua kwamba nje ya lango wapo wanaomtafuta. Mgeni anaijua kesho yake, na tiketi yake ya ndege ina tarehe. Angevaa sura ya hofu, huku hofu yenyewe akiwaachia walioipitia, ambao wengine wao wanaishi katika mji huu huu, wanapanda mabasi yake na kupeleka wajukuu shule. Wala sisemi kwamba kuiga ni kubaya. Kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa 2016, linakumbusha nyumba ya msonge ya mfalme kule Nyanza, na anayelala katika hoteli iliyo kando yake hamdhulumu mtu. Fahari ya wahenga huazimwa na vizazi vyote. Kilio kina mwenyewe.

Atasema mtu: kuuza bia kando ya bwawa lile lile si ndiko kusahau kwenyewe? Hoja hii ina uzito, na sidhani inajibiwa kwa kutaja ajira na kodi. Inajibiwa kwa kutazama makanisa. Kanisa la Nyamata, kusini mwa Kigali, halisaliwi tena; limekuwa ukumbusho, na tangu Septemba 2023 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sainte-Famille, katikati ya Kigali, nalo liliona watu waliokimbilia humo wakitolewa na kuuawa, lakini misa inaendelea hadi leo. Sijui ni nani angethubutu kusema kwamba wanaopiga magoti Sainte-Famille wamesahau. Hiroshima nayo inalo jengo la namna hiyo, lililojengwa 1929 kama duka la kimono, mita 170 hivi kutoka chini ya pale bomu lilipolipukia. Mfanyakazi aliyekuwa ameteremka chini ya ghorofa kuchukua hati alinusurika. Leo ni nyumba ya mapumziko: watalii hukaa, hunywa, hununua zawadi, na chumba kile cha chini kimeachwa kama kilivyo. Nchi yenye hoteli za roboti haikumtaka mgeni aigize Agosti 6 mle ndani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: yupo mgeni asiyeweza kwenda Gisozi, kwenye makaburi ya watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji hayo, ambaye labda angejifunza kitu kupitia hoteli inayosimulia. Na asimuliwe, kwa maneno ya kweli, na kwa hiari ya aliyeshuhudia. Kusimuliwa ni kupewa, na aliyepewa hubaki na deni. Aliyenunua hudhani amemaliza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wamesema waliotutangulia, na Kigali hulitoa jembe hilo kila Aprili 7, wiki ya maombolezo inapoanza. Burudani husimama, na shughuli za mitaa husitishwa ili watu wakae pamoja kuwakumbuka waliouawa. Anayelala Kiyovu, mtaa wa hoteli ile, usiku huo, awe ametoka Osaka au Mombasa, hapewi ndoo wala vazi la kuigizia. Anaombwa kunyamaza pamoja na mji.