Hana Alimjibu Eli

Tulisoma 1 Samweli 1. Hana aliomba moyoni. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Mungu alijua shida yake, lakini kuhani Eli alidhani amelewa. Hana hakuondoka amenuna. Alimweleza kwamba hakunywa pombe, bali alikuwa na uchungu rohoni. Ndipo Eli akambariki, akaenda akala, na huzuni ikamtoka usoni.

Mimi pia niliwahi kunyamaza. Nilipoachishwa kazi, kila asubuhi nilivaa shati nikatoka. Jioni nikiulizwa, nasema, "Niko sawa." Mama watoto akaanza kufikiri nina mwanamke mwingine. Wiki ya tatu, tukiwa jikoni, nikamwambia, "Mama, sina kazi. Naogopa, na naona aibu." Akazima jiko, akakaa, tukalia pamoja. Kazi haikurudi siku hiyo, lakini mzigo sikuubeba peke yangu tena.

Mpendwa, Mungu anasoma moyo. Mkeo, mumeo, mtoto wako, hawezi. Leo ukifika nyumbani, usiseme "niko sawa" kama hauko sawa. Tafuta mtu mmoja, umwambie ukweli. Amina.