Je, Mtoto Ana Haki ya Kusema Ameshiba?

Katika mtaa wa Biryogo mjini Kigali, ambako Kiswahili kilizungumzwa miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nilimkuta mama mmoja akimlisha mwanawe wa miaka mitatu. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zikicheza. Macho ya mtoto hayakubanduka kiooni. Mdomo ulikuwa wazi, na kijiko cha uji kikiingia na kutoka. Nikauliza sababu. "Mwalimu," akanijibu, "bila simu huyu hali."

Jibu hilo tusilipuuze. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Rwanda walikuwa wamedumaa. Mzazi anayeishi na hofu hiyo humwona mtoto mnene kuwa ni mtoto aliyeokoka, na majirani humpongeza. Kumhubiria habari za unene bila kuijua hofu yake ni ufidhuli.

Hoja iliyozoeleka ni kwamba mtoto akaaye mbele ya kioo hakimbii, na asiyekimbia hunenepa. Kuna ukweli humo, lakini si wote. Mwaka 2008 Leonard Epstein na wenzake wa Buffalo, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya watoto 70 wa miaka 4 hadi 7, waliokuwa na uzito mkubwa kuliko wengi wa rika lao. Kundi moja lilipunguziwa saa za televisheni na kompyuta kwa nusu. Katika miaka miwili, uzito wao ukilinganishwa na urefu ulipungua kuliko wa kundi la pili. Ajabu ni kwamba hawakukimbia zaidi. Walikula kidogo zaidi.

Hapo ndipo penye swali la maadili. Mtoto asiyejua bado kusema vema hugeuza uso, hufumba mdomo, husukuma kijiko. Hiyo ndiyo hiari yake ya kwanza. Simu haimshawishi ale. Humsahaulisha kwamba anakula. Kwa mtoto mgonjwa hila hiyo ningeisamehe, kama tunavyoficha dawa katika asali. Lakini mtoto mzima anayelishwa hivyo kila siku hujifunza nini juu ya tumbo lake?

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Ushauri mwema, ila saa zilizobaki nani atakaa naye? Katika nyumba ya kupanga, mama hupika, hufua na kulea peke yake. (Baba wa nyumba ile alikuwa barazani, naye na simu yake.) Ni kweli kwamba mwaka 2021 sehemu ya barabara za Biryogo zilifungiwa magari, lakini mtoto wa miaka mitatu hapelekwi barabarani na barabara.

Nilimwomba mama aijaribu siku moja tu. Akaifunika simu kwa kanga. Mtoto akalia, akanyamaza, akala vijiko sita, kisha akafumba mdomo. Mama akakitazama kikombe, kilichobaki nusu, kwa muda mrefu.