Uso Ukutani

Somo la juma: 2 Wafalme 20:1–7

Siku ya Kipaimara mwaka jana niliwawekea mikono vijana 31. Nilipofika kwa binti mmoja, katikati ya mstari, kidole gumba changu kiliteleza kutoka kwenye nywele kikagusa paji la uso. Nilipokiinua kilikuwa cha kahawia. Pale kilipogusa palibaki alama, kama mtu aliyeshika ukuta kabla rangi haijakauka, na ndani ya alama ile nikaona vipele vitatu vimepangana, kimoja kina kichwa cheupe cha usaha. Binti hakuwa amefumba macho kama wenzake. Alikuwa anakitazama kidole changu.

“Samahani, Baba Mchungaji,” akanong'ona, kabla sijamaliza kumbariki.

Katika utumishi wangu wote sijawahi kuombwa msamaha katikati ya baraka. Na aliyepaswa kuomba msamaha ni mimi. Majuma matatu kabla ya siku ile nilihubiri habari za Yezebeli, jinsi alivyojipaka wanja akachungulia dirishani, kisha nikaongeza la kwangu: kwamba mabinti wa siku hizi wanajipaka hadi malaika mlinzi anauliza jina. Kanisa zima lilicheka. Mchungaji akichekesha hudhani amehubiri.

Sasa mtazame Hezekia. Ni mfalme wa Yuda, anaumwa karibu ya kufa, na ugonjwa wenyewe una jipu. Nabii Isaya amemletea habari mbaya. Chumbani bila shaka wamo watumishi na waganga, na anachofanya mfalme ni kuwapa kisogo wote, akaelekea ukuta, akaomba na kulia. Nimesoma habari hii mara nyingi nikiitazama sala tu. Baada ya kidole kile ndipo niliuona ukuta. Kuna saa ambayo mtu hawezi kuwatazama waliomzunguka, kwa sababu ameshachoka kutazamwa.

Kijana mwenye chunusi anaijua saa hiyo. Anakaa benchi la nyuma, upande wa nguzo. Kwenye picha ya darasa anajificha nyuma ya bega la mwenzake. Mvulana hushusha kofia hadi kwenye nyusi, na tunamgombeza aivue kanisani bila kujiuliza anafunika nini. Kiswahili cha pwani kina chunusi mwingine pia, yule jini wa majini anayesemekana huwashika waogaji miguu akawazamisha. Majina yamegongana tu, lakini nimewaona vijana wa Kipaimara waliozamishwa na huyu wa usoni.

Na sisi tunasaidia kuwazamisha. Shangazi akija kusalimia, kabla hajaitikia shikamoo anasema, “Mwanangu, uso umeharibika hivi?” Mwingine anasema ni damu chafu. Mwingine ananong'ona kwamba binti ameshaanza mambo ya wakubwa. Si kweli hata moja. Mtoto akibalehe, homoni huamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi. Mafuta yakizidi, pamoja na seli zilizokufa, huziba vitundu vya vinyweleo, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, wa mchungaji na wa shangazi, wanastawi humo. Ngozi inapambana, panavimba. Hakuna dhambi katika maelezo hayo, wala uchafu.

Mungu alimjibu Hezekia kabla Isaya hajavuka ua wa kati wa jumba: atapona, ataongezewa miaka 15, siku ya tatu atapanda nyumbani kwa Bwana. Kama mimi ndiye ningeandika habari hii, ningeishia hapo, sala imejibiwa, amina. Lakini nabii anaagiza liletwe andazi la tini, nao wanalibandika juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatolewa, na bado mtu alitumwa kutafuta dawa. Wanaomwambia kijana aombe tu, aache mambo ya hospitali, wamruke Isaya wakipenda, Biblia haikumruka.

Tini za binti yule zilikuwa kwenye duka la dawa, hatua chache kutoka kanisani, lakini yeye alikuwa ameshapita kwingine. Alikuwa amenunua mkorogo kwenye kikopo kisicho na lebo, kwa mama anayeuza vipodozi sokoni. Juma la kwanza uso ulilainika ukang'aa, hata rafiki zake wakamuuliza siri. Ndivyo ulivyo mkorogo wenye dawa za steroidi: unazima uvimbe haraka, na ukiuacha chunusi zinarudi kwa kishindo, huku ngozi imekuwa nyembamba na vimishipa vinaonekana. Mara nyingi humo huwa na haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na vinapita tu. Poda iliyobaki kwenye kidole changu haikuwa ya kujiremba. Alikuwa anafunika madhara ya dawa.

Usharika wetu una bahati ya kuwa na tabibu aliyesomea ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kikanda kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu 1992. Nilimwomba azungumze na vijana baada ya ibada, nami nikakaa nyuma kama mwanafunzi. Alianza na mikono. Enzi zile za kutumbua majipu serikalini nchi nzima ilishangilia, akasema, lakini usoni siasa hiyo haifai: ukiitumbua chunusi usaha nusu unatoka, nusu unazama, na kwenye ngozi nyeusi kila kidonda huacha doa jeusi linalokaa miezi. Dawa ya meno iende kwenye meno. Limau liende kwenye samaki. Mafuta mazito ya nywele yanateremka hadi kwenye paji, ndiyo maana wengine chunusi zao zimefuata mstari wa nywele kama shanga.

Kisha akatoa tyubu mbili mfukoni. Moja jeli ya benzoili peroksaidi. Alisema ile ya asilimia 2.5 inatosha kuanzia, kwa kuwa yenye nguvu zaidi huunguza zaidi bila kuponya zaidi. Nyingine adapalini, ya usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, siyo kudonoa kipele kimoja kimoja. Mwanzoni usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, hadi ngozi izoee. Mjamzito asiitumie. Mwenye mavimbe makubwa yanayouma, au makovu yameanza, asipoteze muda na tyubu, aende kwa daktari wa ngozi.

Kijana mmoja akauliza zitaisha lini. “Majuma nane hadi kumi na mawili,” tabibu akajibu, na ukumbi ukaguna. Hezekia aliahidiwa siku ya tatu. Hawa nilitamani kuwapa Naamani, jemadari aliyekasirika kwa sababu dawa ilikuwa nyepesi mno na ya kurudiarudia. Alijichovya Yordani mara saba, na hatusomi popote kwamba mara ya sita palikuwa na dalili yoyote.

Binti yule aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: poda aache? Tabibu alinitazama mimi kwanza, sijui kwa nini. Akamwambia hapana, asiache kama inampa nguvu ya kutoka nyumbani. Atafute iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu vya ngozi, dawa itangulie na ikauke, sponji aioshe wala asiazimane na dada yake, na usiku hata umeme ukikatika asilale nayo. Madoa yanafichika vizuri kwa kuanza na rangi inayoelekea chungwa chini ya ile ya kahawia, badala ya kurundika poda.

Nami nikasimama, nikawaomba radhi kwa mahubiri yale. Niliwaambia kwamba nilipomsoma Yezebeli nilisahau kwamba mwenye wanja katika Biblia si yeye peke yake. Ayubu, mtu aliyejua ngozi mbovu kuliko sisi sote, aliyekaa majivuni akijikuna kwa kigae, alipojaliwa mabinti tena wa tatu alimpa jina Keren-hapuki. Maana yake pembe ya wanja. Kichombo cha kutunzia vipodozi! Baba aliyepona majipu alimwita mtoto wake hivyo, na hakuna nabii aliyemkemea.

Jumapili iliyopita binti aliimba sauti ya kwanza, safu ya mbele, karibu na taa. Poda alikuwa nayo kidogo, na madoa yalionekana chini yake. Mama yake alinisubiri mlangoni, ameshika mfuko wa plastiki. Nikadhani ameniletea ndizi. Akatoa taulo la bluu lililopauka mabaka meupe, na foronya ya kitenge iliyopauka vilevile. Tabibu alikuwa amesahau kutuonya kwamba jeli ile inachujisha rangi ya nguo.

“Baba Mchungaji,” akasema, akijitahidi asicheke, “hii dawa yenu imenimalizia mataulo. Usharika utanilipa lini?”